Kopo la Mtu Mmoja

Siku ile nyumba ya Mama Sufuria ilinukia vitunguu tangu nje barabarani. Mtu asiyejua angedhani kuna harusi au msiba, maana ni shughuli hizo tu zilizomfanya mwanamke huyu atoe masufuria yake makubwa stoo. Lakini asiyejua hakuwepo. Mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa: kuna mtoto anakuja, na kabla hajaja lazima friza ijae, ili akifika pasiwe na mtu wa kuhangaika na jiko huku kichanga kinalia.

Aliyewaambia watu ni yeye mwenyewe. Alimwambia muuza mboga, akamwambia fundi viatu, akamwambia mpaka mama wa duka la kona ambaye walikuwa hawasemeshani, na kwa sababu hiyo wakapatana. Kuna habari ambayo mtu hawezi kukaa nayo peke yake, inamuwasha mwilini kama upupu.

Walimwita Mama Sufuria kwa kuwa hawakuwa na la kumwitia. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao. Yeye, miaka yote ya ndoa, mikono mitupu, na vilivyomfuata kila alikokwenda vilikuwa vyombo vyake vya kupikia watu. Jina lilianza kama utani wa jikoni kwenye harusi ya mtu. Akalicheka kabla wengine hawajalicheka, akalifanya lake, mpaka simu akawa anaipokea hivyo: "Mama Sufuria hapa, watu wangapi?"

Mimba yenyewe ilikuwa ya mdogo wake wa mwisho, ambaye kwao walimwita Kitinda tangu utotoni. Kitinda alikuwa akipokea wateja kwenye duka la miwani, na alipanga chumba upande wa pili wa mji. Mwanamume aliyempa mimba alipopewa habari, simu yake ikaanza kutopokelewa, kisha ikawa haipatikani, kisha mwenyewe akawa hapatikani. Basi Kitinda akaja kwa dada yake na begi lake, akaketi sakafuni pale jikoni, akalia mpaka macho yakafumba kwa kuvimba.

"Dada, mimi siwezi," alisema. "Mchukue wewe. Akizaliwa tu mchukue, awe wako."

Mama Sufuria alikuwa na mwiko mkononi. Aliuweka mezani taratibu, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani na hataki kumshtua. "Sawa," alisema. "Usilie tena." Na tangu siku ile hakulirudia neno lile mbele ya mdogo wake, wala hakumuuliza mara ya pili. Aliogopa kuulizia kitu alichokwishapewa, asije akaonekana hakukiamini.

Badala yake alifanya kazi. Alitoa magunia na makreti kwenye stoo ya ndani iwe chumba cha mtoto, akapaka rangi, akatundika pazia. Waliomwita kwenye shughuli za miezi ya mbele aliwaambia watafute mpishi mwingine. Kule kliniki alimganda nesi kwa maswali ya chupa na maziwa mpaka nesi akamwambia, "Mama, hebu mwache na mwenye tumbo aulize." Jioni alimkanda Kitinda miguu. Asubuhi alimpelekea uji kitandani na kusimama pale pale mlangoni mpaka bakuli liishe.

Na sasa ilikuwa zamu ya friza. Alikuwa amewaita wapishi wawili wanaomsaidia kwenye shughuli, na shoga yake Msusi, mwenye saluni ya mtaani, ambaye alifunga saluni siku nzima kwa ajili hiyo, ingawa kwa kucha zake ndefu hakuna aliyetegemea angemenya kitu. Alikuja na mdomo wake, na huo ulitosha.

"We Mama Sufuria, huyo mtoto anakuja na jeshi lake?" Msusi aliuliza akichungulia sufuria ya maharage. "Haya yanalisha kambi."

"Nyamaza umenye viazi."

"Viazi si unasema havigandishwi? Si vinakuwa unga unga?"

"Hivyo vyenu vya kula leo. Au mlidhani mtashinda hapa na njaa?"

"Aa, hapo sasa umesema." Msusi akavuta kigoda. "Mimi nilijua nimeitwa kwa mapenzi, kumbe nimeitwa kwa viazi."

Wale wapishi wakacheka, na Mama Sufuria akacheka kuliko wote. Nyumba ikijaa watu hivi ndipo alipopumua vizuri. Kulikuwa na supu ya mifupa jiko la nje, mchuzi wa nyama jiko la ndani, nyama ya kusaga kwenye kikaango, na maharage yaliyochemshwa bila nazi wala kiungo, maana aliyajua maharage: yakigandishwa na viungo vyake yanatoka na harufu ya juzi. Kila sufuria iliyoiva ilitolewa na kukalishwa kwenye beseni la maji baridi. Alikuwa akipita na kuligusa tumbo la sufuria kwa kiganja, kama mtu anayepima homa, na mpaka kiganja kisisikie joto hakuna aliyeruhusiwa kupakua. Kila kopo liliachwa nafasi juu, kwa sababu chakula kikiganda kinavimba na kufumua kifuniko. Vifuniko vyekundu nyama, vya kijani maharage, vyeupe supu. Hata Fundi akitumwa na akili zake zile, alisema, hakosei.

Fundi ndiye mumewe, fundi wa mafriji. Friza ile alimtengenezea kwa mikono yake: mwili wa mashine ya soda, kompresa ya friji ya baa, na mlango alioupeleka kwa mchomeleaji. Ilinguruma kama mzee anayekoroma, lakini iligandisha. Siku hiyo Fundi hakutulia. Aliingia jikoni, akainua mlango wa friza, akachungulia, akaufunga, akatoka. Mara amerudi tena.

"Shemeji, hiyo friza inaumwa?" Msusi akamchokoza.

"Naangalia baridi."

"Baridi yenyewe unaimwaga wewe kwa kufunguafungua. Kaa chini ule kiazi."

Fundi akacheka kicheko cha puani, lakini hakukaa.

Kitinda alikuwa mwisho wa meza, ameketi upande upande kwa sababu ya tumbo, kazi yake kufunika makopo na kuyapanga. Tangu asubuhi alikuwa ameongea kidogo sana, na hakuna aliyejali. Mwenye mimba iliyokomaa hadaiwi mazungumzo.

Mama Sufuria alikuwa ameyakusanya makopo yale tangu zamani. Mengi yalikuwa makubwa, ya aiskrimu, aliyoyabeba kwenye shughuli za watu badala ya kuyaacha yatupwe. Kopo moja lilitosha chakula cha jioni cha nyumba nzima na mgeni akifika akakaribishwa. Yalikuwapo na madogo, ya siagi, ambayo aliyaleta kwa ajili ya vitunguu na nyanya za kukaanga. Alipogeuka kutoka kwenye jiko akakuta mdogo wake amechukua upawa mwenyewe, na anapakua mchuzi wa nyama kwenye yale madogo.

"Mdogo wangu, acha hayo. Chukua makubwa."

"Haya yanatosha, dada."

"Yanatosha nini? Tuko watatu, na wageni wa kuja kumwona mtoto tusiwahesabu? Hilo ni kopo la mtu mmoja, tena mtu aliyetoka kuugua."

Akalichukua lile dogo, akalimimina kwenye kubwa, akaongezea, akalisukuma mbele ya Kitinda alifunike. Kitinda akalifunika. Kisha akavuta kopo jingine dogo, akapakua.

"Mwacheni," Msusi akasema. "Mimba ina mambo yake. Mimi ya kwanza nilikuwa nataka kunusa petroli. Mume wangu akawa ananipeleka kituo cha mafuta jioni kama mtu anayempeleka mchumba matembezi."

Wakacheka mpaka mpishi mmoja akashika mbavu. Mama Sufuria naye huku anacheka akaunyoosha mkono, akautwaa upawa, akajaza kopo kubwa hadi mahali pake, akamwekea mdogo wake.

"Haya makubwa hayaingii, dada," Kitinda akasema.

"Hayaingii wapi?"

Kitinda akachukua kifuniko.

"Friza hii unamlaza ng'ombe akanyoosha na miguu. Hayaingii wapi?"

Kitinda alikuwa ameshika kifuniko chekundu kwa mikono miwili. Hakumtazama dada yake. Aliinua macho akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amesimama pale kwenye friza na mkono juu ya mlango. Na Fundi akatazama sakafu.

Mtu akiwa amepikia watu miaka mingi anajua kusoma macho. Anajua yale ya mwenye shughuli anapomtazama kaka yake juu ya vichwa vya wageni, maana yake nyama imepelea. Mama Sufuria aliyaona macho yale mara ngapi katika majumba ya watu, akachota maji akaongeza mchuzi kabla hajaambiwa. Aliyaona sasa ndani ya nyumba yake.

"Fundi," aliita. "Hayaingii wapi?"

"Kwenye kile kifriji," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Aliniomba nimtafutie. Nimekipeleka kule chumbani kwake. Juu kina sehemu ya kugandishia, lakini ndogo."

"Chumbani kwake gani? Si alikirudisha kwa mwenye nyumba?"

"Sikukirudisha," Kitinda akasema.

Mpishi mmoja akainama, akapunguza moto, ingawa hapakuwa na kilichokuwa kinaungua. Msusi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akakiangalia kiazi mkononi mwake.

Mama Sufuria alikuwa ameshaelewa. Lakini mtu anaweza kuelewa jambo na bado akalishikilia mlangoni lisiingie. "Ni sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mchana mzuri wa kupika. "Si utarudi kazini baadaye? Utahitaji friji. Ungesema tu, ningekufungia vyako pembeni, mbona jambo dogo. Wewe utakaporudi kule—"

"Dada."

"—utakuwa umechoka, unakuta chakula chako, unapasha—"

"Dada, nataka kurudi naye."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. Mama Sufuria akaufuta upawa kwa kitambaa, upande huu na upande huu, vizuri sana.

"Ulisema," alisema.

"Nilisema." Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini Kitinda hakuyafuta. "Nilisema nikiwa simjui. Wakati ule alikuwa ni ugonjwa tu, nilitaka utoke. Sasa akigeuka najua huu mguu, huu mkono. Nikiongea na wateja ananyamaza, nikinyamaza anaanza. Dada, nitamtoaje mtu ninayemjua?"

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kucheza."

Hiyo ilikuwa kabla ya rangi. Kabla ya pazia. "Rangi ya chumba ulichagua wewe," Mama Sufuria akasema. "Nilikuletea vipande vya rangi ukachagua."

"Uliniuliza nikaogopa. Kila nikitaka kukwambia unaniletea uji, unanikanda miguu. Mtu anakukanda miguu utamwambiaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje, dada?"

Akamgeukia mumewe. "Na wewe?"

"Aliniomba nisiseme. Nikasema atasema mwenyewe. Kila siku nasema leo atasema."

"Ukamtengenezea friji."

"Haikuwa mbovu sana," Fundi akasema. "Ilikuwa mpira wa mlango tu."

Siku nyingine jikoni hapo pangekufa watu kwa kicheko. Fundi mwenyewe alisikia alichosema, akafumba macho.

Msusi akaweka kiazi chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na moyo wake haukuwa mbaya, na aliona lazima mtu aseme kitu. "Shoga, si atakuita mama mkubwa? Mama mkubwa naye ni mama. Huyo mtoto atashinda hapa, atalala hapa, utamchoka mwenyewe."

Mama Sufuria alikuwa mama mkubwa wa watoto tele. Dada zake wengine na binamu zake walizaa bila kujipa nafasi. Watoto wale walikuja likizo, wakajaa nyumba nzima, wakavunja vikombe, wakala wakashiba wakalala kifuani kwake, na siku ya mwisho mama zao walikuja kuwachukua. Walimpungia mkono wakiwa wameshatazama mbele. Alijua mama mkubwa ni nini. Hakuna aliyejua kumzidi yeye.

Maneno yalimjia mdomoni, tena makali, yaliyopangika. Kwamba alimpokea na begi wakati hana pa kwenda. Kwamba walioisikia habari hii ni watu wazima wenye masikio, wataitwa waseme. Kwamba achukue hilo begi lake sasa hivi na kifriji chake aone kama vitamkanda miguu. Aliyaonja yote. Lakini alimwona mdogo wake ameweka mkono juu ya tumbo, si kwa maumivu, ameuweka tu, kama mtu anavyoziba sikio la mtoto watu wazima wanapogombana. Akaona pia itakavyokuwa akisema: Kitinda ataondoka leo hii, na mtoto akizaliwa hataletwa hata kuonyeshwa. Hata hasira hakuwa na uwezo nayo. Akayameza maneno yakashuka na moto wake.

"Hodi humu ndani!"

Kabla mtu hajajibu mlango ulishasukumwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa sauti ya kuitia watoto uwanjani. Alikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko sweta na kofia alizofuma mwenyewe.

"Nimesikia harufu nikasema leo ndiyo siku ya kuja!" alisema, akaachia kigelegele kirefu. Hakikupokewa. Akadhani wameelemewa na kazi, akacheka, akamwendea Mama Sufuria moja kwa moja, mikono imenyooshwa. "Mama kijacho wetu! Shika, nilikuwa nafuma kila nikitoka kazini. Mume wangu akaniambia, 'Kwani umezaa wewe?' Nikamwambia, 'Ungemwona huyo mama anavyongoja, ungefuma na wewe.' Shika basi!"

Kofia ilikuwa ndogo, ingeweza kukaa kwenye ngumi. Mama Sufuria aliitazama. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya mchuzi, akaiinua kumwonyesha mwalimu kwamba haiwezi kushika.

"Mpe mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe si wewe?"

Friza ilisikika ikinguruma. Kitinda alikuwa amekaa palepale, uso umelowa, kifuniko chekundu mapajani.

"Mwenyewe yule pale," Mama Sufuria akasema, akaonyesha kwa kidevu. "Mimi napika tu."

Mwalimu akamtazama huyu, akamtazama yule. Polepole akaelewa, na alipoelewa akaona aibu kama vile kosa ni lake. Akauweka mfuko mezani mbele ya Kitinda, kimyakimya, akasema kitu kuhusu nguo alizoanika, akatoka kinyumenyume. Kabla jua halijazama, mtaa ungekuwa umeambiwa tena. Watu wangekuja kumpa pole kwa jambo ambalo halina jina, lisilo msiba, na wangekaa, na angewapikia.

Akachukua kopo la siagi. Akapakua mchuzi, vipande vya nyama vitatu na rojo, akaacha nafasi juu, akalisukuma upande wa Kitinda. Akachukua jingine.

"Dada, acha," Kitinda akasema. "Acha, nitafanya mimi."

"Kaa. Utachoka."

"Utakuja hospitali?"

"Nitakuja."

"Dada, usininyamazie hivyo."

"Sijanyamaza. Naogopa kumwaga."

Kitinda akaweka kichwa mezani, kati ya makopo, akalia kwa sauti. Dada yake akaendelea kupakua. Mara moja mkono ulimtoka kwenye upawa na kwenda kwenye nywele za mdogo wake, kwa mazoea, ukafika karibu, ukarudi.

Makopo madogo yalikwisha upesi, hayakuwa mengi. Akafungua na yale makubwa yaliyokuwa yameshafunikwa ili ayagawe, akatafuta vikombe, bakuli za chai, chupa pana ya achari, chochote ambacho kingeingia kwenye kifriji chenye sehemu ndogo ya kugandishia. Wapishi walimsaidia. Msusi akamenya viazi vilivyobaki, vyote, ingawa hapakuwa na mtu atakayekula. Fundi alisogea akasimama nyuma ya mkewe, karibu kumgusa.

"Usiniguse," akasema bila kugeuka, na Fundi akabaki na mkono wake hewani kama mtu anayeuliza njia.

Vyombo vidogo vyote vilipojaa, sufuria ya mchuzi bado ilikuwa zaidi ya nusu. Ya maharage haijaguswa. Supu nje ilikuwa inachemka.

"Mama Sufuria," mpishi mmoja akauliza, kwa sauti ya chini kama anayeongea wodini. "Hivi vingine tuweke vipi? Makubwa kama mwanzo?"

Alitazama sufuria. Alitazama friza, mlango wake uliochomelewa, nafasi yake yote. Watu wawili. Alijaribu kuwapigia hesabu watu wawili, jioni baada ya jioni, kama alivyozoea kupiga hesabu ya umati akiwa bado kwenye simu.

"Sijui," alisema. Akaketi kwenye kigoda cha Msusi, katikati ya maganda, na mikono yake yenye mafuta ameielekeza juu. "Wekeni mnavyotaka."